Yule farasi hakuwa mweupe

Siku ya kwanza nasimama karibu na farasi, karibu kabisa mpaka pumzi yake naisikia shingoni, niliongea ujinga. Nilimuuliza saisi, yule mzee anayemtunza, "mzee, huyu mweupe ni mbegu gani?" Hakunijibu. Alimshika pua, akamvuta mdomo wa juu taratibu, akasema angalia hapa. Nikaangalia, ngozi nyeusi tii. Akapuliza manyoya ya shingoni yakajigawa kama njia ya sisimizi, chini yake nako kweusi. "Haya mwanangu, mweupe yuko wapi?" Nilikosa la kusema.

Kumbe farasi wa hivyo kitaalamu hata haitwi mweupe, anaitwa wa kijivu. Anazaliwa mweusi au wa hudhurungi au vyovyote vile, halafu mvi zinamwingia mwaka hadi mwaka mpaka anakuwa mweupe pe, yaani kama sisi tunavyoota mvi ila yeye zinamwanza angali mtoto. Mwaka 2008 wanasayansi walionyesha ni badiliko moja tu la jeni, na farasi wa kijivu wote, awe mkubwa awe poni, yule farasi mdogo, wamelirithi kutoka kwa babu mmoja wa zamani sana. Na lina gharama yake, wakishapita miaka 15 wengi wao wanaota uvimbe mweusi, hasa chini ya mkia. Mweupe wa kweli yupo, anazaliwa hivyo na ngozi ya pinki, ila huyo ni wa kutafuta na tochi.

Kwa hiyo somo la kwanza nililolipata siku ile, rangi sio mbegu. Watu wanachanganya sana hapa, mtu anakwambia nataka Palomino kama vile Palomino ni ukoo, wakati ni rangi tu ya dhahabu na singa nyeupe, inatokea kwenye mbegu kibao. Hata wale farasi maarufu wanaocheza kwenye shule ya wapanda farasi ya Vienna, Lipizzaner, wale weupe kama maziwa, wanazaliwa weusi au wa kahawia. Mbegu yao ilianzishwa mwaka 1580 na mtoto wa kifalme wa Austria, pale Lipica ambapo leo ni Slovenia, wakachukua farasi wa Kihispania ndio wakaanza nao. Kuna wachache ambao hawageuki, wanabaki weusi weusi hivyo hivyo mpaka wanazeeka, na ile shule ina mila ya kuweka angalau mmoja wao kila wakati eti analeta bahati. Mimi nikiangalia picha zao siku hizi namtafuta huyo mmoja kwanza.

Sasa yule mzee alinipa utaratibu wake. Ukitaka kujua farasi katoka wapi usianze na manyoya, anza na mgongo, shuka miguuni, halafu mwache atembee. Maana mbegu ni kazi, alisema, watu walikuwa na kazi yao wakamtengeneza farasi wa kuifanya. Tangu siku hiyo ndo naangalia hivyo na ni kweli mambo yanafunguka.

Chukua farasi wa Kiarabu, wenyewe wanamwita Mwarabu. Mgongo mfupi, na ufupi wenyewe uko mpaka kwenye mifupa, wengi wao (sio wote) wana jozi 17 za mbavu pale ambapo farasi wengine wana 18, na pingili 5 za kiuno badala ya 6. Kichwa kidogo, uso umebonyea katikati, pua pana, mkia unanyanyuka juu kama bendera akianza tu kukimbia. Huyu ni kazi ya Wabedui wa jangwani, kwenda mbali na maji kidogo. Na walipenda majike kwa ajili ya uvamizi maana dume akinusa farasi wa adui anapiga kelele mnakamatwa wote, jike ananyamaza. Jike mzuri alilala hemani na familia, ndio maana mpaka leo Mwarabu anajulikana kwa kumzoea mtu, ila pia ana akili nyingi kupita kiasi, ukimkosea anakumbuka. Kule California kuna mbio za Tevis za kilomita 160 milimani ndani ya saa 24, zilianza 1955, na huko Waarabu ndio wenye nyumba.

Kinachoniudhi ni mashindano ya urembo. Majaji walipenda ule uso uliobonyea, basi wafugaji wakazidisha, na kuzidisha, na kuzidisha, siku hizi unakuta mtoto wa farasi ana uso kama katuni mpaka unajiuliza huyu hewa inapita wapi. Mbedui gani angempanda huyo kuvuka jangwa?

Kutoka kwa Mwarabu unaenda moja kwa moja kwa Thoroughbred, farasi wa mbio wa Uingereza, na hapa nitakaa kidogo maana hadithi yake ni tamu. Thoroughbred wote wa leo kwa upande wa baba wanaishia kwa madume watatu tu waliotoka mashariki, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Watatu! Huyo Darley alinunuliwa Aleppo, Syria, akafikishwa Uingereza mwaka 1704, na ukifuata baba wa baba wa baba, karibu asilimia 95 ya madume ya Thoroughbred ya leo yanafika kwake. Majike wa kienyeji wa Kiingereza ndio walibeba mimba zote hizo ila wao majina yao hayaimbwi, mnajua wenyewe dunia ilivyo. Mwaka 1791 ikatoka daftari la ukoo, na hapo ndipo mbegu ikawa mbegu kisheria, baba na mama wako wasipokuwemo kwenye daftari wewe hata ukimbie kama upepo sio Thoroughbred.

Na wana sheria za ajabu hao. Kupandisha kwa mrija hairuhusiwi, lazima dume na jike wakutane uso kwa uso. Halafu birthdei, kaskazini mwa dunia Thoroughbred wote wanatimiza mwaka tarehe 1 Januari, uzaliwe Februari uzaliwe Mei sawa tu. Sasa mimba ya farasi ni miezi 11 hivi, fikiria jike ajifungue tarehe 30 Desemba, mtoto bado anatetemeka miguu kesho kutwa yake kwenye makaratasi ana mwaka mzima, atakuja kushindana na wenzake waliomzidi miezi kumi na kitu. Wafugaji wanahesabu siku kwa vidole kama mtu anayesubiri mshahara.

Mwili wake sasa, miguu mirefu, kifua kirefu kwenda chini, tumbo limevutwa juu, na damu inachemka mara moja. Thoroughbred mmoja wa Marekani, Secretariat, mwaka 1973 alishinda mbio za Belmont kwa kumwacha wa pili urefu wa farasi 31, dakika 2 na sekunde 24, na rekodi hiyo bado haijaguswa. Alipokufa daktari aliyempasua alikadiria moyo wake kama kilo 10, wakati farasi wa kawaida ni kilo 4 au 5. Hakuupima kwenye mizani lakini alikuwa amepasua mioyo mingi maishani mwake, macho yalishazoea.

Huyo ni wa kilomita mbili na ushee. Ukitaka wa kufyatuka tu nenda Marekani kwa Quarter Horse. Zamani za ukoloni kule Virginia hakukuwa na viwanja vya mbio, watu walishindanisha kwenye barabara nyoofu, robo maili, yaani mita 400 na kitu, na jina likatokea hapo. Mtazame kwa nyuma, makalio hayo! Anatoka pale aliposimama kama jiwe la manati, wa kasi wameshapimwa wakifika karibu kilomita 88 kwa saa. Baadaye wachunga ng'ombe wakamchukua wakagundua ana kitu kingine, anamsoma ng'ombe. Unamwonyesha ndama mmoja kwenye kundi, unalegeza hatamu, yeye anainamisha kichwa anaanza kumkatia njia kushoto kulia kushoto kama golikipa, wewe juu kazi yako ni kutoanguka tu.

Ila na hapa majaji waliharibu. Kulikuwa na dume anaitwa Impressive, wa mwaka 1969, misuli imejaa kila mahali, kila mtu alitaka uzao wake, wakaja kugundua uzao huo una ugonjwa wa kurithi, madini ya potasiamu yanavurugika mwilini, misuli inatetemeka, wengine wanaanguka na kufa. Misuli waliyoipenda ilikuja na ugonjwa wenyewe. Chama chao kikaja kukataa kuandikisha watoto wa kuanzia 2007 waliorithi jeni hiyo kwa pande zote mbili.

Wale wazito nawapenda bila sababu. Shire wa Uingereza, Clydesdale wa Scotland, Percheron wa Ufaransa, farasi wa Ubelgiji, kazi yao kuvuta, jembe, magogo, mikokoteni ya bia. Shire mmoja anaitwa Sampson, alizaliwa 1846, alifika sentimita 219, na hapo wanapima mabegani pale singa zinapoishia, kichwa hakijahesabiwa, uzito kilo 1,524. Kwato kama sahani ya pilau. Na wapole! Yule mzee anasema mtu mwenye nguvu kweli hana haja ya kugomba, nikaona anamsifia farasi kumbe labda anajisifia mwenyewe. Halafu ile picha ya shujaa wa enzi za kati mwenye chuma mwilini juu ya farasi mkubwa kama nyumba, isahau, mifupa ya farasi wa zama hizo iliyopimwa Uingereza inaonyesha wengi walikuwa saizi ya poni wa leo.

Poni wenyewe usiwadharau. Shetland hazidi sentimita 107 lakini kwa umbo lake anavuta kuliko wengi. Uingereza ilipopiga marufuku mwaka 1842 wanawake na watoto wadogo kufanya kazi chini ya machimbo ya makaa, hawa wadogo ndio waliwekwa nafasi zao, wengine wakaishi humo gizani miaka mingi. Mtoto anapanda Shetland kwenye birthdei anacheka, hajui.

Kuna mbegu moja ambayo rangi kweli ni sehemu ya utambulisho, Appaloosa, wale wa madoadoa, wa Wahindi Wekundu wa kabila la Nez Perce. Ukiacha madoa angalia kwato zina mistari, na mboni imezungukwa na weupe kama ya binadamu. Baada ya vita vya 1877 jeshi la Marekani liliwanyang'anya farasi wao na mbegu ikakaribia kupotea, chama cha kuifufua kikaja kuundwa 1938. Nilimpelekea mzee hili kama ushindi wangu, akasema "bado, angalia mgongo." Basi.

Sasa wote hawa shina lao wapi? Jibu la uhakika lilikuja 2021, DNA za mifupa ya farasi wa kale zaidi ya 270 zikaonyesha farasi wote wa kufugwa wa leo wametokea nyika za kati ya mito Volga na Don, Urusi ya sasa, na kuanzia kama miaka 4,200 iliyopita wakasambaa haraka wakafuta karibu wengine wote. Walikuwa na jeni mbili zilizopendelewa, moja inahusishwa na mgongo imara, nyingine na upole. Niliposoma "mgongo" nilicheka peke yangu. Aliyesalimika nje ya ukoo huo ni yule mfupi wa Mongolia, Przewalski, wenyewe wanamwita takhi, ana kromosomu (vile vifurushi vya jeni) 66 wakati wa kufugwa ana 64. Alipotea porini kabisa miaka ya 1960, akabaki kwenye mabustani ya wanyama, wakaanza kumrudisha nyumbani 1992.

Nimemwacha wa mwisho kwa makusudi, farasi wa Iceland. Mfupi, singa zimemwagika machoni, manyoya ya baridi kama blanketi. Waviking walikuja naye kwenye mashua, na tangu karibu mwaka 982 sheria inakataza farasi wa nje kuingia. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja damu ni ile ile. Faida yake ni gia. Farasi wengi wana tatu, kutembea, matiti (mwendo ule wa kurukaruka) na shoti, huyu ana ya nne inaitwa tölt, na wengine wana ya tano. Tölt ni mbio ambazo kila wakati angalau mguu mmoja uko ardhini, mpandaji harushwi kabisa, wanaionyesha wakiwa wameshika glasi imejaa na haimwagiki. Mwaka 2012 ilijulikana ni badiliko la jeni moja, DMRT3, linalobadili jinsi uti wa mgongo unavyopanga miguu. Mgongo tena.

Lakini kwa kuwa hawajazoea magonjwa mengi ya nje, sheria inakata pande zote, farasi akitoka kisiwani harudi, hata kwa wiki moja. Hata tandiko la ngozi lililotumika nje haliingii. Na mashindano ya dunia ya farasi hawa yanafanyika bara, Ulaya. Kwa hiyo mpandaji wa Iceland anayekwenda kushindana anamfua farasi wake miaka, anampeleka, wanakimbia, pengine wanashinda medali. Halafu anavua tandiko, anamkabidhi mwenye kumnunua, anarudi nyumbani mikono mitupu.