Mstari wa juu ulizimika kwanza

Nimetumiwa picha ya jukwaa: skrini ya LED imesimama, na nyuma yake turubai jeusi limekazwa kamba pembe zote. Mara moja nikaukumbuka mchana ule.

Skrini ilikuwa ya kukodi, mita 6 kwa 4, paneli za sentimita 50 kwa 50, na imetazama magharibi. Mwenye shughuli aliogopa mvua, akaagiza mgongo wote ufunikwe. Mvua haikunyesha. Jua la alasiri ndilo lililokuja, likaupiga uso mweusi wa paneli moja kwa moja.

Kilichotangulia kuharibika ni rangi. Weupe ulianza kuvuta bluu, watu wakailaumu kamera. Lakini taa nyekundu za LED hufifia upesi kuliko za kijani na bluu zinapopata joto, kwa hiyo weupe ukigeuka namna ile, joto limeshaingia ndani. Kisha paneli ya kona ya juu ikazimika, ikawaka, ikazimika tena. Jirani yake ikafuata. Haukupita muda mrefu, mstari wote wa juu ukawa mweusi, na chini picha inaendelea kama kawaida. Nilipanda kwa nyuma nikapenyeza mkono kati ya turubai na alumini: hewa ilikuwa ya moto na imetuama kabisa. Pawa saplai, yaani vifaa vinavyolisha paneli umeme, hujikata zenyewe zikizidiwa na joto, zikipoa hurudi. Hewa ya moto hupanda, na pale juu haikuwa na pa kutokea.

"Kaka, mvua ikija je?" kijana wa kamba aliuliza.

"Ikija tutalishusha. Fungua juu na chini."

Tulilisogeza turubai nyuma kama mita moja, juu na chini wazi, ili hewa iingie chini itokee juu. Mwangaza tukaushusha hadi asilimia 70. Maandishi yaliyokuwa juu ya mandhari meupe tukayaweka kwenye meusi, jambo ambalo wengi hulidharau. Kwenye skrini ya LED weusi ni taa iliyozimwa; taa iliyozimwa haili umeme, na umeme usioliwa hauleti joto. Maji hatukumwagia, maana alumini na plastiki hazinywei kwa kiasi kimoja, na kifaa kinachopozwa ghafla hufyonza unyevu ndani. Kupima joto tulilenga kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa mgongoni, kwa kuwa alumini inayong'aa hudanganya kipimajoto cha kulenga, kile kisomacho joto bila kugusa. Mstari wa juu ulirudi, paneli moja baada ya nyingine.

Shughuli iliisha salama. Paneli zilipoa kwanza ndipo zikaingia kwenye masanduku.

Kinachonisumbua mpaka leo ni ile hofu ya mvua, kwa sababu haikuwa ya kipuuzi. Paneli za nje huandikwa IP65 mbele na mara nyingi IP54 nyuma, ambavyo ni vipimo vya kuzuia vumbi na maji, yaani mvua ya kawaida inavumilika bila turubai. Lakini kipimo hicho ni cha mpira wa kuzibia maji ukiwa mpya. Jua hukausha mpira wa kwenye viungio vya waya, ukawa mgumu, ukapasuka, na paneli za kukodi hukaa juani kazi baada ya kazi. Paneli zenye mpira wa namna hiyo nikipewa leo, chini ya wingu zito na jua kali pamoja, nitaacha nafasi nyuma na kumweka mtu karibu na kamba. Kama hilo linatosha, sina hakika.