Mshahara wa Malindi na kusi yake

Nimechoka kuambiwa "punguza matumizi". Nifanyapo kazi ya hoteli hapa Malindi napata shilingi 18,000 na ushei kwa mwezi. PAYE, kodi ya mapato, hainigusi, maana mshahara haufiki 24,000, lakini NSSF ya uzeeni inachukua asilimia 6, SHIF ya matibabu 2.75, tozo ya nyumba za serikali 1.5. Ninachoshika mkononi ni kama 16,000, na kodi ya chumba, token za stima na karo zishakaa mlangoni. Kisha ikiingia kusi, msimu wa upepo mkali na bahari chafu, wageni wanaondoka, nasi tunaambiwa tukapumzike bila malipo.

Msimamizi wangu alinishauri nihamie Ganda, nje ya mji, kodi ya chumba ni nafuu. Nikahama. Lakini zamu ya jioni inaisha usiku, matatu hakuna, na bodaboda wa saa hizo anataja bei apendayo. Kilichopungua kwenye kodi kikaliwa na barabara, na watoto nawakuta wamelala. Nikarudi Maweni, mtaa wangu wa zamani.

Aliyenifaa ni mama jirani. "Mwanangu, kusi samaki ni ghali na wewe huna kazi. Nunua kaskazi, ule kusi." Basi wakati wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari shwari na bahashishi za wageni zipo, tunachanga watu wanne, tunashuka pwani mashua zinapoingia na kununua jodari au papa kwa jumla. Mchuuzi wa sokoni hatumpitii kabisa. Samaki anapasuliwa mgongoni, anafunguliwa kama kitabu, matumbo na damu ya uti wa mgongo vinatolewa vyote. Hiyo damu ikibaki, ndiyo inayooza. Chumvi ya mawe ya Gongoni unaisugua mpaka ndani ya mikato, unampanga ndooni na jiwe juu, alale. Asubuhi unamwaga maji yaliyotoka, unamsuuza kidogo, unamtundika juani chini ya chandarua cha zamani kuzuia nzi. Magharibi mwingize ndani, umande usimpate. Akikauka hata ukimkunja hakunjiki, huyo ni ng'onda.

Mwaka huu kusi nzima hatukukosa kitoweo. Roweka usiku, mwaga maji, chemsha, mtie tui la nazi na ukwaju, chumvi usiongeze. Mchele tunagawana gunia, kila mtu na pishi zake.

Mkopo wa simu sikuugusa, na karo ya muhula wa pili nililipa kabla watoto hawajafukuzwa. Hiyo ndiyo raha ninayoitafuta, na mtu anayefanya kazi kutwa anastahili kuipata kwa mshahara wake mwenyewe, bila kutegemea jua na chumvi. Kaskazi ikirudi tutachanga watano. Mpishi mwenzangu ameshatoa sehemu yake.