Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Simuleta ya Ndege, Mombasa

Saa 11 alfajiri niko macho. Likoni, feri, matatu, na saa 2 kasorobo nafungua mlango wa chumba chetu Tudor. Mahamri na mbaazi nayala hukohuko kazini.

Nikitaja kazi yangu, watu huuliza kama ninalipwa kucheza gemu. Wanaokuja kwetu ni vijana wanaojiandaa kwenda chuo cha urubani. Saa moja ndani ya ndege ya kweli ni ghali, kwa hivyo wanaanzia hapa, katika simuleta, mashine inayoiga urushaji wa ndege: kiti, skrini tatu, usukani, mkono wa kuongezea nguvu za injini na pedali za miguu. Saa za kwetu haziandikwi katika kitabu cha rubani. Kinachobaki ni mazoea ya mikono na miguu, na mashine ikiwa na kasoro, kijana huondoka na mazoea yenye kasoro. Ndiyo maana naipenda kazi hii na ndiyo maana inaninyima usingizi.

Saa 2 hadi saa 3: kufuta vumbi, kuwasha, kukagua kila kitu. Usukani sawa. Pedali sawa, zote zasoma sifuri.

Saa 3 akaingia kijana wetu wa Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pamoja na babake, ambaye hakungoja hata salamu zangu zimalizike.

"Fundi, mashine yenu mbovu. Mwanangu anatua vizuri, kisha ndege inamtupa kushoto. Hii wiki ya tatu nalipa."

"Mzee, karibu uketi. Wacha nimwone akitua."

Hakuketi. Alisimama nyuma ya kiti changu, na hapo ndipo alipobaki karibu siku nzima.

Kijana akaileta ndege katika uwanja wa ndege wa Moi, akielekea njia ya kutulia namba 21. Mwendo noti 65 (maili za baharini kwa saa), mteremko mzuri, pua akaiinua kwa wakati wake. Magurudumu yakagusa. Sekunde moja, ya pili, kisha pua ikageuka kushoto na ndege ikaingia nyasini. Njia ile ina urefu wa mita 3,350. Cessna hata haihitaji nusu yake, na bado alishindwa kuimaliza akiwa juu ya lami.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kusi, upepo wa kutoka kusini. Programu ilikuwa imechukua hali ya hewa ya siku ile: upepo wa noti 14 kutoka nyuzi 170 za dira. Njia ya 21 yaelekea nyuzi 210, kwa hivyo upepo ulikuwa ukimjia kutoka kushoto. Ndege iliyo chini hushikwa mkia na upepo kama tanga, na pua ikaelekea upepo unakotoka. Maelezo yalitosheleza kila kitu, nami siyaamini maelezo ya namna hiyo kabla sijayajaribu.

Nikamwambia atue kutoka upande wa pili wa lami ileile, unaoitwa njia ya 03, upepo ukimsukuma kwa nyuma. Rubani mwenye akili hafanyi hivyo, lakini sasa kusi ingemjia kutoka kulia, na kama kosa ni la upepo, ndege ingevuta kulia. Ikavuta kushoto. Nikauzima upepo wote. Kushoto.

"Si nilikwambia?" mzee akasema. "Hamna mwenye mashine hapa niongee naye?"

"Mwenye mashine atakuletea mimi, mzee."

Nikapima mafuta ya mabawa yote mawili: sawa. Nikaangalia kama usukani na pedali zote mbili zimepewa kazi ya kugeuza shikio la mkia, yaani bapa linaloipeleka pua kushoto au kulia, maana programu hizi huweza kugawa kazi zenyewe unapochomeka kifaa kipya, na vifaa viwili vikivutana ndege huenda inakotaka. Hakuna. Misaada ya moja kwa moja imezimwa. Stima ikapotea, ikarudi, tukawasha upya. Mzee akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akanikuta palepale. Chakula sikula. Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Mgongo uliuma na simu ya mzee ilikuwa ikipiga kelele nyuma ya sikio langu.

Kisha kijana akasema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kukosea mbele ya babake: "Dada, hata ikiwa inaruka huvuta kushoto. Nimezoea kukanyaga kulia."

Ndege ya pangaboi moja kama ile, injini ikifunguliwa yote, huvuta kushoto kweli. Hewa inayosokotwa na pangaboi huupiga mkia ubavuni. Kila mwanafunzi hufundishwa kukanyaga kulia anaporuka, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa. Lakini wakati wa kutua injini imepunguzwa, na mvuto ule haupo. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikijificha nyuma yake, kitu kisichoonekana angani, kinachoanza kazi magurudumu yakigusa.

Breki.

Kila pedali ina breki ya gurudumu la upande wake, na ya upande mmoja ikishika, ndege huvuta upande huo. Nikafungua ukurasa unaoonyesha kila pedali inasoma nini. Breki ya kushoto, bila mguu wowote juu yake: asilimia 11. Asubuhi ilisoma sifuri kwa kuwa ilikuwa haijakanyagwa. Ikishabonyezwa kwa nguvu mara mbili tatu, hairudi. Nikatoa bisibisi. Ndani, potenshiomita, kifaa kinachopima pedali imekanyagwa kiasi gani, ilikuwa imeota ukijani, kazi ya chumvi na unyevu wa pwani. Kuisafisha kulisaidia kwa dakika tano tu, nikaing'oa na kuweka sensa ya sumaku, ambayo haina sehemu zinazosuguana. Kulehemu nyaya tatu nyembamba mikono imechoka si jambo dogo. Nikaikanyaga mara hamsini. Sifuri kila mara.

Kijana akatua. Magurudumu yakagusa, na ndege ikakata kulia.

"Sasa umeiharibu zaidi!" mzee akapiga kelele.

"Mzee, tazama skrini ile ndogo. Huo ni mguu wa mwanao."

Mshale wa shikio ulikuwa umeenda kulia, na breki zote zilisoma sifuri. Kwa wiki tatu mashine yetu ilimfundisha kukanyaga kulia kila anapogusa chini, na mguu ulikuwa umejifunza vizuri. Mzee aliutazama mshale kwa muda, kisha akavuta kiti akaketi kwa mara ya kwanza.

Tulirudia hadi nje kukawa giza. Mara ya saba ndege ilikwenda sawa katikati ya mstari. Nilipofunga, niliandika katika daftari: breki ya kushoto, sensa imebadilishwa. Chini yake nikaandika jina la kijana, na saa sita za mazoezi bila malipo.