Chumba cha mama, Isyesye, Mbeya: X nyekundu na bikoni iliyofukiwa

Wiki ya 1
Tumeanza kuchimba msingi wa chumba cha mama, futi 12 kwa 10, ubavuni mwa nyumba. Mama yuko Tukuyu, magoti yanamsumbua na choo cha kule kiko mbali. Nataka paa liwe limekaa kabla mvua za Novemba hazijakolea. Kibali ninacho. Wapo wanaodhani kuongeza chumba kimoja kwenye nyumba yako mwenyewe hakuhitaji kibali. Kunahitaji.

Wiki ya 3
Kozi ya sita ya ukuta. Jumanne natoka shuleni nakuta X nyekundu ukutani, chini yake SIMAMISHA UJENZI. Mkaguzi alipita nisipokuwepo. Hoja zake mbili: ukuta uko mita 1.05 kutoka mpakani wakati mchoro uliopitishwa unasema 1.5, na ukuta mpya umeshikizwa kwenye wa zamani bila nguzo.

Fundi akasema, "Mwalimu, tumtafutie ya soda yaishe." Nimekataa. Akija afisa mwingine, X inarudi palepale.

Wiki ya 4
Nimegundua mkaguzi alipima kuanzia kwenye michongoma. Michongoma si mpaka, mpaka ni bikoni, zile alama za zege za wapima ardhi kwenye kona za kiwanja. Ya mbele inaonekana, ya nyuma hakuna aliyeijua ilipo. Nikachukua ramani iliyo kwenye hati, nikamwita Baba Neema, jirani yangu, maana jambo la mpaka halifanywi na mtu mmoja. Tulifyeka, tukachimba hapa na pale tangu saa tatu hadi karibu adhuhuri, ndipo jembe likagonga kitu kigumu. Tukasafisha kwa ufagio wa chelewa: zege, kipande cha chuma katikati, na namba iliyochorwa kwenye saruji. Ileile ya kwenye hati! Mikono ilinitetemeka.

Tukavuta kamba bikoni hadi bikoni. Michongoma imeingia kwangu sentimita 62, kwa hiyo ukuta uko mita 1.67. Baba Neema aliitazama kamba kimya, kisha akasema, "Mwalimu, hii michongoma niliikuta." Ni kweli aliikuta. Hatukuigusa.

Wiki ya 5
Niliandika barua halmashauri kuomba kipimo kirudiwe, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke dirishani bila huo muhuri. Mkaguzi akaja na mpima ardhi, wakapata 1.66. Hoja ya kwanza akaifuta kwa maandishi.

Ya pili hakuiachia. Nikabisha sana: nyumba imesimama miaka 18 bila ufa, nguzo za nini? Akasema tuchimbe pembeni ya msingi wa zamani tuone. Tukachimba. Mawe na udongo mtupu, kina futi moja na nusu, na ule udongo niliubomoa kwa kidole. Msingi mpya ni zege, kina futi 3. Misingi hii haitatitia sawa, na pale kuta zilipoungana ndipo ufa ungepita. Isitoshe Mbeya tumo kwenye Bonde la Ufa, ardhi yenyewe hutikisika. Hapo nikanyamaza, nikamshukuru. Kwenye mpaka alikosea, kwenye nguzo alikuwa sahihi kabisa.

Tumebomoa maungio. Nguzo mbili, kila moja nondo 4 za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 20, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na mwanya wa sentimita 2 kati ya ukuta mpya na wa zamani. Zimeongezeka nondo 3 na mifuko 3 ya saruji.

Wiki ya 7
Lenta, mkanda wa zege juu ya dirisha na mlango, imemwagwa, tunaimwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Mkaguzi amekagua nondo kabla ya zege na kusaini. Mbao za kenchi za paa zimefika kutoka Mufindi, nimezifunika turubai maana jana manyunyu yameanza.

Mama amepiga simu kuuliza dirisha linatazama wapi. Nimemwambia linatazama mlima Loleza. Akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, akauliza tena lini.