Kisima cha vitani hakianzi na klorini

Ukiipata kazi ya maji Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji ambako mapigano yalianza Oktoba 2017, tangazo litasema "ukarabati wa visima" basi. Fundi wa Tanga aliyezoea maji ya Mabayani, yanayopita mtamboni kabla ya kufika bombani, hufika kule na ndoo ya HTH (unga wa klorini) mkononi akidhani kazi ndiyo hiyo.

Kisima kilichoachwa vitani usikitumbukizie hata kamba kabla watu wa kutegua mabomu hawajakikagua, pamoja na njia ya kukifikia. Kukiwa na maiti ndani, ngoja serikali ya mtaa na familia.

Halafu ni kukitoa maji na tope. Hapa mtu wa pwani ana faida. Anayejua visima vya Tongoni au Moa anajua kwamba maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Ukileta pampu kubwa ya dizeli ukakikausha kwa saa moja, unavuta chumvi juu, na kuta zilizolegea zinaweza kuporomoka. Pampu taratibu, simama, angalia maji yanavyorudi, endelea. Bomba la moshi wa pampu lielekee mbali na mdomo wa kisima, na injini isishushwe ndani ya kisima hata kidogo: moshi wake unaua.

Ukuta ukishasuguliwa na nyufa kuzibwa, sasa klorini. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Ukilenga miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 113 za klorini, na kwa HTH ya asilimia 70 ni gramu 160 hivi. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya unga, na chombo kiwe cha plastiki. Usisafirishe HTH kwenye gari moja na dizeli au oili. Zikikutana zinaweza kuwaka. Acha dawa ilale humo usiku mzima, kisha pampu mpaka ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Kidonge cha DPD, cha kupimia klorini, hugeuza maji kuwa ya waridi, na kadiri klorini ilivyo nyingi rangi hukolea. Lakini klorini ikizidi sana, yenyewe huifuta ile rangi. Fundi anaona maji meupe, anasema "haijakolea", anaongeza dawa. Ukipata meupe kwenye kisima ulichotia dawa jana, chukua sehemu moja ya maji hayo, changanya na sehemu 20 za maji safi yasiyo na klorini, pima tena. Rangi ikijitokeza, ujue tatizo ni wingi.

Na dawa hiyo haimlindi mtu wa wiki ijayo. Kisima kikibaki wazi, ndoo chafu moja inarudisha kila kitu. Mpaka kifunikwe, tia dawa kwenye ndoo ya mtekaji. Tengeneza maji ya dawa ya asilimia 1, yaani gramu 15 za HTH kwa lita. Jaza ndoo nne za lita 20 kwa maji ya kisima, tia maji hayo ya dawa kwa bomba la sindano, mililita 1, 1.5, 2 na 5, kila ndoo kiasi chake, subiri dakika 30. Ndoo itakayosoma kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita ndiyo kipimo chako. Maji yakiwa na vumbi la tope yaache yatuame kwanza, maana tope hula klorini.

Pampu ndiyo inayokaa baada yako. Msumbiji wamezoea pampu ya mkono iitwayo Afridev, ya kina cha hadi mita 45 hivi, ambayo pistoni yake huvutwa juu bila kung'oa bomba zima, kwa spana moja. Msaada ukileta pampu za aina nyingine, India Mark II, kwa sababu ndizo zilizokuwa ghalani, kijiji kimepewa chuma tu wasichozoea kukitengeneza. Makadirio yanayotumika ni watu 500 kwa pampu moja ya mkono na lita 15 kwa mtu kwa siku. Wakizidi, sili (mipira ya kuzuia maji yasivuje ndani ya pampu) huisha mapema, mpini unakuwa mwepesi, watu wanapampu hewa.

Kwa hiyo katika bajeti andika sili, bushi na rodi za akiba kabla ya nembo na uzinduzi. Usizifungie kwenye stoo ya shirika. Mpatie muuza vipuri wa Pemba (ile ya Msumbiji, si ya karafuu), aziuze kwa bei ambayo kamati ya maji inaijua. Mafunzo yawe kwa watu wawili wa kijiji, mmoja wao mwanamke anayeteka hapo kila siku, na wafungue pampu wao wenyewe mara tatu huku mikono yako ikiwa mfukoni. Karatasi ya maelekezo iwe kwa Kireno na kwa lugha wanayoongea pale kisimani. Kiswahili kitakusaidia Palma. Ukiingia kwa Wamakua, tafuta mkalimani.