Ubeti wa Tatu

Tukikaa barazani wapenzi wa taarab asilia, kila mmoja ana usiku wake. Yupo anayemsimulia Bi Kidude ndani ya Ngome Kongwe, kajifunga ngoma kiunoni, sauti inatoka kama inatoka kwenye mawe. Yupo aliyelia kwa bashraf tu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Usiku wangu mimi haukuwa na jukwaa wala jina kubwa. Ulikuwa Januari 2010, na ulikuwa gizani.

Waliokuwepo Unguja wakati ule hawana haja ya kukumbushwa. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Desemba 2009 ukatoweka kisiwa kizima, usirudi mpaka Machi. Pampu zikasimama, maji yakawa ya ndoo. Kila mwenye uwezo akaweka jenereta kichochoroni, na Mji Mkongwe, ambao usiku ulikuwa unasikia hata kandambili za mtu akipita, ukawa unanguruma kuanzia magharibi.

Wazee fulani wakasema hata hivyo watapiga. Si kwa kiingilio. Ni katika ua wa nyumba moja pale Kiponda, Ijumaa baada ya isha, atakayesikia na aje. Shangazi yangu alisikia.

Nilikuwa na miaka 19, na kila ninachokijua kuhusu kusikiliza nilikipata kwake. "Usikimbilie maneno, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ifuate fidla kwanza. Maneno yatakukuta hapo hapo." Ijumaa ile alasiri alinipa noti ya elfu kumi nikamvunjie dukani, zote elfu moja moja. Nilijua maana yake: anakwenda kutunza.

Wageni wakiona mtu anainuka katikati ya wimbo, anatembea taratibu kwa mwendo wa ngoma, anamtia mwimbaji noti mkononi, hudhani analipa. Halipi. Anasema. Wimbo ni wa wote, lakini ubeti ulioinukia wewe ni wako, na ukumbi mzima unaangalia umeinukia upi na jicho lako limeangukia wapi. Nimeona mke mwenza anajibiwa hivyo, nimeona posa inakataliwa hivyo, bila mtu kutamka neno. Ndiyo maana watu huja na noti ndogo ndogo: uweze kusema mara nyingi, au uchague.

Na shangazi alikuwa na la kusema. Yeye na mdogo wake, ambaye kwangu ni shangazi mdogo, walikuwa hawasemezani mwaka na zaidi kwa ajili ya shamba la mikarafuu aliloacha babu. Sitaki kuingia katika hesabu ya miti ile. Mwaka uliotangulia, kwenye harusi, shangazi mdogo aliinukia ubeti wa mtu mwenye tamaa, akatunza huku anamtazama dada yake usoni. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi alibaki na uso mkavu mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akavua buibui, akakaa kitandani bila kuwasha taa.

Kwa hiyo tulipoingia uani na kumuona shangazi mdogo amekaa upande wa pili, chini ya ngazi, tumbo lilinikaza. Shangazi alitafuta nafasi, akatandaza kanga yake ya pili kwenye mkeka, akakaa. Noti zote kumi alikuwa amezifumbata.

Walianza na bashraf, kama inavyopasa. Fidla mbili, udi, nai, akordioni, kanuni, besi, dumbaki na rika. Spika mbili zilikuwa zimefungwa kwenye nguzo na jenereta lilikuwa nje ya mlango. Nilifurahi, lakini ilikuwa furaha niliyoizoea. Katikati ya wimbo wa pili jenereta likakohoa, likavuta pumzi, likazima. Taa zikaondoka nalo.

Hawakusimama. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana: hapakuwa na hata pigo moja lililopotea. Sauti ilishuka ghafla, kama maji ya ndoo yanavyoshuka ukiipunguza, na chini yake nikakuta vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia miaka yote niliyokuwa najidai mpenzi wa taarab. Kucha za mpiga kanuni zikigusa nyuzi kabla nyuzi hazijalia. Kanuni ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, na nilikuwa nimelisoma hilo. Usiku ule nilizisikia zile tatu, zikipishana kwa unywele, ndipo nikaelewa ule mtetemo wake unatoka wapi. Nilimsikia mpiga nai akivuta pumzi. Akordioni, ambayo kwenye spika humeza kila kitu, mzee wake aliibana mpaka ikawa kama mtu anayenong'ona nyuma ya pazia. Wote walipunguza, bila kuambizana, kumpisha mwimbaji.

Nasi tukapunguza. Hakuna aliyetunyamazisha. Wanawake waliacha kujipepea, watoto wakavutwa mapajani. Mtu akaja na karabai, akaiweka sakafuni mbele ya kanuni, ikawamulikia wapigaji mikono zaidi ya nyuso. Bibi mmoja pembeni yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba hivi ndivyo mama yake alivyokuwa akimsikiliza Siti binti Saad. Mimi Siti nilimjua kwa santuri, zile zilizoanza alipokwenda Bombay mwaka 1928, sauti ikiwa nyuma ya mkwaruzo. Sikuwahi kumfikiria kama mtu aliyekaa chumbani usiku, umbali wa mkono, na watu wamezuia pumzi ili wamsikie.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa nahodha na jahazi lake. Ubeti wa kwanza unalisifu jahazi. Wa pili unaulaumu upepo, na hapo wanawake watatu wakainuka kwa mpigo, maana kila mtu ana upepo wake wa kuulaumu. Shangazi hakuinuka. Ubeti wa tatu ndio unaogeuka: nahodha anakiri kwamba upepo haukuwa na kosa, mkono uliolegeza demani, kamba ya tanga, ulikuwa wake.

Shangazi akasimama.

Hakupitia katikati ambako ndiko njia fupi. Alizunguka ukutani, polepole, bega moja kisha la pili, noti haikunyanyuliwa juu kama desturi bali ameishika kifuani. Alipita mbele ya mdogo wake karibu kiasi kwamba buibui lake lilimgusa magoti. Hakumtazama. Akafika kwa mwimbaji, akamtia noti mkononi, akarudi kwa njia ile ile. Noti moja tu. Zile tisa alirudi nazo nyumbani.

Yule mwimbaji alikuwa mzee wa mji na mambo ya mji aliyajua. Akaurudia ubeti. Waitikiaji wakaitikia. Fidla ya kwanza ikalizungusha lile tao la sauti, ikalirudisha mahali pale pale, ikangoja. Akaurudia tena, mara ya tatu sasa, na uani hapakuwa na anayemtazama mwimbaji.

Shangazi mdogo aliinuka akiwa amechelewa, kiitikio kikiwa kimeshaanza. Alikwenda moja kwa moja, akatunza, akageuka. Mwanga wa karabai ulikuwa unatoka chini, nikamuona kidevu kinamtetemeka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Dumbaki peke yake liliendelea, taratibu, na kanuni ikaja juu yake.

Tulirudi tukishikana mikono kwa sababu vichochoro vilikuwa giza tupu. Nilingoja aseme kitu. Tulipofika mlangoni akauliza, "Uliisikia kanuni?"

"Niliisikia, shangazi."

"Basi."

Jumapili asubuhi mtoto wa shangazi mdogo alibisha hodi na sahani iliyofunikwa kawa. Akaamkia, akasema mama kasema hii ni ya shangazi mkubwa, akakimbia. Vilikuwa visheti, vya iliki nyingi, ambavyo nyumbani kwetu hakuna anayevipenda hivyo isipokuwa shangazi. Alikula kimoja akiwa amesimama. Kisha akavihamishia chombo kingine, akaiosha sahani kwa maji yetu ya kupima, akashinda jikoni mpaka alasiri. Jioni alinituma kuirudisha, na ilikuwa nzito kuliko ilivyokuja.