Unga chini ya samadari

Wiki ya tatu nafagia unga chini ya samadari ya marehemu nyanya, kile kitanda chake cha mbao. Mwanzo nilimlaumu mwanangu kwa kumwaga poda. Siku nilipopitisha kidole kwenye mfumbati, ule ubao wa ubavuni, ndipo nikaviona: vitundu vya mviringo, kama vimetobolewa kwa sindano, na ukigonga kunamiminika vumbi laini kama unga wa ngano.

Jirani akasema mchwa. Wapi! Mchwa wa ardhini angejenga njia za udongo ukutani. Huyu ni mdudu mtoboa mbao. Mlaji ni yule funza wake, anatafuna ndani kwa ndani, na kitundu ni mlango aliotokea mdudu mzima. Yaani ukikiona, karamu ishaliwa kitambo.

Fundi wa Mji wa Kale hakukimbilia dawa. Aliviziba vitundu kwa nta, akafagia, akasema tungoje. Siku ya kumi vikatoka vipya viwili, na unga wake. Basi wangali hai. Ikabidi tukwangue vanishi yote (mikono yangu, ya Rabbi!), maana maji ya boraksi, ndiyo dawa yenyewe, hayapenyi juu ya vanishi. Tukapaka mara mbili, na vitundu tukavidunga kwa bomba la sindano.

Mfumbati mmoja, wa mwembe, ulikuwa mtupu ndani kama biskuti. Tumeuchoma. Matendegu ya mvule hayana hata kitundu; nyanya alijua kununua.

Kwa sasa nalala mkekani, nangoja ikauke.